Makali Mawili

Jua la Garissa halibishi hodi. Likichomoza tu limeshaingia ndani, limeketi na kuanza kutoa amri. Ndiyo maana Samsam na wenzake walifanya mazoezi mara baada ya swala ya alfajiri, kabla saruji ya uwanja wa mpira wa kikapu haijageuka kikaango. Walivaa viatu vya magurudumu, wakakunja mitandio yao vizuri chini ya helmeti, wakashika magongo na kuanza kukimbiza kisahani cheusi cha mpira kwa kelele zilizowaamsha mbuzi wa majirani.

Walikuwa wakicheza hoki. Tena si hoki ya nyasi, bali hoki ya barafu, ila barafu yenyewe ndiyo haikuwapo. Wapita njia waliopeleka maji sokoni kwa mikokoteni ya punda walisimama kuwacheka. Mmoja aliwauliza kama hiyo barafu wanatarajia ishuke na mvua. Nurto, golikipa wao, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko pilipili, alimjibu kwamba itashuka siku punda wake atakapojifunza kutembea bila kuchapwa.

Samsam hakuwa na muda wa kujibizana. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, mwembamba kama ufito, na katika timu nzima hapakuwa na aliyegeuka kama yeye. Angekuja mbio kama anayekwenda kugonga ukuta, kisha kufumba na kufumbua amekata kona, beki amebaki akikaba hewa. Mwalimu Korane, aliyewafundisha sayansi darasani na hoki uwanjani, alikuwa akisema kwamba kumkaba Samsam ni kama kuukamata moshi kwa mikono.

Asubuhi moja mwalimu huyo aliwakusanya akiwa na habari iliyoufanya moyo wa Samsam upige ngoma. Kocha Abshiro, mwenyeji wa Wajir aliyefundisha timu ya wasichana jijini Nairobi, alikuwa akiandaa kikosi cha kwenda mashindanoni Afrika Kusini. Nurto alikuwa amekwisha kuteuliwa kudaka. Sasa ilibaki nafasi moja tu ya mshambuliaji, na Kocha Abshiro alitaka kumwona Samsam Jumamosi, katika ukumbi wa barafu halisi.

Zaidi ya hayo, mwalimu alikuwa na gunia. Dada yake aliyeishi Kanada alikuwa amewatumia viatu vya barafu vilivyokwisha kutumika. Havikuwa na magurudumu. Chini ya kila kiatu palikuwa na chuma kirefu, chembamba, kilichosimama wima kama ubavu.

Mwalimu aliwaeleza kwa makini. Kiatu cha barafu huvaliwa na soksi moja nyembamba, na huwa kidogo kuliko kile cha kuendea shule. Ukisimama wima, vidole viguse ncha ya kiatu kidogo tu. Ukikunja magoti, kisigino kirudi nyuma na kukaa imara bila kucheza. Tena akawaonya wasikiguse chuma, maana fundi wa Nairobi ndiye angekitia makali.

Samsam alisikia nusu. Nusu nyingine ya akili yake ilikuwa imeshatekwa na jozi moja nyeupe, safi, yenye mistari ya fedha, iliyong'aa kama maziwa ndani ya kibuyu kipya. Aliichomoa kabla mkono mwingine haujaifikia. Alipoivaa, mguu wake ulizama na kisigino kikawa na nafasi ya kupumua. Lakini nyumbani kwao viatu vya Idi vilinunuliwa vikubwa kila mwaka ili mtoto avikulie, na hakuna aliyewahi kufa kwa hilo. Alivua, akavuta soksi nyingine mbili juu ya ile ya kwanza, akasokomeza kitambaa mbele ya vidole na kufunga kamba kwa nguvu.

"Kinakukaa?" Mwalimu Korane alimwuliza.

"Kinanikaa sawasawa, Mwalimu," Samsam alijibu, bila hata kupepesa macho.

Mwalimu alimwamini, akapita kwa mwingine. Nurto ndiye hakuamini. Wakiwa njiani kurudi nyumbani, alianza kumwimbia kwa sauti ya chini:

*Kiatu kama karai, mguu wazama ndani;*
*Barafuni hakifai, chamwangusha hadharani.*

Samsam alimwambia kwamba wivu haumpendezi golikipa. Nurto alicheka, lakini hakuendelea kuimba.

Jioni hiyo Samsam alipitisha kidole chini ya kile chuma, akaona hakikati kitu. Aliona haya. Abti Yakub, ndugu ya mama yake, alikuwa mchinjaji, na tangu utotoni Samsam alimsikia akisema kwamba kisu butu ni dhuluma kwa mnyama na aibu kwa mwenye kukishika. Kama kisu cha nyama kinahitaji makali, vipi chuma cha kukatia barafu? Akavibeba viatu hadi buchani.

Abti Yakub alivigeuzageuza viatu hivyo na kumwuliza kama mwalimu anajua. Samsam akasema anajua. Hilo likawa neno la pili lisilo la kweli, na lilitoka kwa urahisi kuliko la kwanza. Mjomba akawasha jiwe lake la kunolea, cheche zikaruka, na alipomaliza alinyoa vinyweleo vya mkono wake kwa kile chuma. Kilikuwa kikali kama kisu cha kuchinjia ngamia. Kazi ilifanywa vizuri kabisa, jinsi ilivyoombwa.

Jumamosi iliwakuta Nairobi wakiwa na Mwalimu Korane. Mlango wa ukumbi ulipofunguliwa, baridi iliwapiga usoni wakacheka wote wawili, Nurto na Samsam, wakafungua midomo kuutazama mvuke wa pumzi zao. Mbele yao barafu ilikuwa imetandazwa nyeupe, pana, laini. Miguu ya Samsam ilimwasha kwa hamu.

Kocha Abshiro alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ngamia toka mbali. Aliwasalimia kwa Kisomali, akawauliza habari za nyumbani, kisha akawaambia waingie. Hakuwa na maneno mengi.

Samsam alimpita fundi bila kusimama, kwani viatu vyake vilikuwa vimeshanolewa, akapiga hatua ya kwanza kwa majivuno, ya pili kwa mashaka, na ya tatu hakuipiga. Aliyewahi kumwona ngamia kwenye tope baada ya mvua atajua alivyokuwa. Mguu huu ulikwenda Wajir, ule ulikwenda Mandera, na yeye mwenyewe akakaa chini kwa kishindo. Alinyanyuka. Akaanguka tena. Kisigino kilichezacheza ndani ya kiatu na kumchubua, huku chuma kikidumbukia kwenye barafu kama kisu kwenye siagi, kisha kikiponyoka upande. Wasichana wa Nairobi waligeuza nyuso kwa adabu, na adabu hiyo ilimuuma kuliko kicheko.

Hasira zikampanda. Alikichukua kisahani na kwenda nacho mbio kuelekea golini kwa Nurto, akaegemea upande kukata ile kona yake maarufu. Kiatu kilipinda, mguu ukabaki. Aliporomoka miguu mbele, akateleza hadi golini, na chuma kikapita kwenye kinga nene iliyofunika mguu wa Nurto. Kinga ilipasuka kuanzia goti hadi karibu na kifundo, pamba nyeupe ikamwagika nje.

Filimbi ikalia. Nurto alijipapasa polepole. Ngozi ilikuwa salama. Alimtazama Samsam huku akiizuia pamba kwa viganja.

Kocha Abshiro alipiga goti, akainua mguu wa Samsam, akayatazama makali ya kile chuma. Mwalimu Korane naye alikuwa amefika kando ya ukuta.

"Nani alikinoa hiki?" Kocha aliuliza. "Na kiatu kinakukaa?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwa Samsam, lile lile la siku zote. Angeweza kusema kilikuja hivyo kutoka Kanada. Angeweza kuilaumu barafu. Nafasi ilikuwa moja, na kama angekiri, kwa nini wampe mwongo? Lakini pamba ilikuwa ikiendelea kudondoka kutoka kwenye mguu wa rafiki yake.

"Hakinikai, Kocha," alisema. "Hakikunikaa tangu mwanzo. Nilimdanganya Mwalimu kwa sababu kilikuwa kizuri. Nikamdanganya na mjomba wangu, akakinoa kama kisu. Kosa si lake."

Kocha alimtoa barafuni. Samsam aliketi kwenye benchi akidhani safari yake imeishia hapo. Alivua soksi tatu, na ya ndani ilikuwa na damu. Kocha aliosha kidonda, akakifunga, kisha akaketi kando yake na kuweka kile kiatu cheupe mapajani.

"Abaayo, dada yangu, kisu kina makali upande mmoja kwa sababu kazi yake ni kupenya," alisema. "Chuma cha barafu kina makali mawili, ya ndani na ya nje, na katikati kuna mfereji mdogo. Ukiegemea huku, haya yanashika. Ukiegemea kule, yale yanashika. Wewe umeondoa yote mawili, ukabaki na kitu cha kuchinjia."

Alisema chuma kinaweza kunolewa upya na kiatu kikamfaa msichana mwenye mguu mkubwa zaidi. Kisha akasimama, akafungua kabati la timu na kumwuliza kama anataka kulia au anataka kucheza, kwa sababu ukumbi ulikuwa wao kwa muda mfupi tu.

Samsam akafuta uso kwa mkono.

Hapo ndipo alipojifunza kuchagua kiatu. Kocha alimpima mguu akiwa amesimama, kwa soksi moja nyembamba. Jozi ya kwanza ilibana upande wa kidole kidogo, na Samsam akasema inabana. Ya pili iliruhusu kisigino kunyanyuka, akasema kinanyanyuka. Kila aliposema kweli, Kocha aliitikia kwa kichwa na kuchukua nyingine, wala hakukasirika. Jozi ya tatu ilikuwa nyeusi, imekwaruzwa, kamba zake za rangi tofauti. Aliposimama, vidole viligusa ncha. Alipokunja magoti, kisigino kilirudi na kutulia kama ndege kwenye kiota.

Akaingia barafuni. Alisimama! Alikwenda mbele, akaongeza kasi, baridi ikavuma masikioni, akacheka peke yake. Lakini alipojaribu kukata kona, kiatu kilikataa. Kilitaka kwenda moja kwa moja kama lori la mawe. Samsam alirudi ukutani, akisita. Kiatu kilikuwa kimemkaa, na Kocha alikuwa ameshahangaika vya kutosha. Hata hivyo alisema: mguu uko sawa, ila hakigeuki.

Kocha Abshiro alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alimwonyesha kwamba kile chuma kilikuwa kimenyooka karibu chote, kikigusa barafu kwa urefu mkubwa. Kilimfaa mtu wa mbio ndefu. Akashusha jozi nyingine ya kipimo kile kile, na chuma chake kilikuwa na tumbo, kimepinda mbele na nyuma kama ukingo wa sahani. Hiki kiligusa barafu sehemu ndogo tu ya katikati, na mwenye kugeukageuka ndiye aliyekihitaji.

Samsam alifunga kamba. Aliingia taratibu, akajaribu kulia, makali yakashika. Kushoto, yakashika. Damu ikamchemka katikati ya baridi ile. Kisahani kilipomfikia hakukitazama, alikihisi tu gongoni. Beki mmoja wa Nairobi alimjia, kisha wa pili, na Samsam akawaendea kama anayekwenda kugonga ukuta. Kisha akaegemea. Barafu ililia *shaaa*, vumbi jeupe likaruka, na mabeki wakabaki wakikabana wenyewe kwa wenyewe. Nurto alitoka golini kumzuia akiwa na kinga iliyofungwa kwa utepe, akapiga mbizi. Kisahani kilipita juu ya bega lake na kutikisa wavu.

Nurto alilala kifudifudi, kisha akainua kichwa na kusema kwamba alimpenda zaidi alipokuwa akianguka.

Filimbi ya mwisho ilipolia, Kocha Abshiro alizungumza na Mwalimu Korane pembeni, halafu akamjia Samsam. Alimwambia nafasi ni yake. Magoli, alisema, wangeweza kufunga wengine pia. Lakini aliporudi ukutani kusema hakigeuki, hali angeweza kunyamaza, ndipo Kocha alipoamua, kwa maana mchezaji asiyesema ukweli wa mguu wake huwaumiza wenzake.

Samsam alimgeukia Mwalimu Korane na kuomba radhi. Akaahidi pia kwamba wakirudi Garissa atapita buchani kwanza, kabla ya nyumbani, amwambie mjomba wake kila kitu kwa kinywa chake mwenyewe.

"Nimekusamehe," mwalimu alisema. "Mficha maradhi, kilio humfichua, nawe umekiona kilio kikipita karibu na mguu wa mwenzako. Nilipokuuliza mimi, ulinijibu kwa macho yaliyopenda uzuri. Alipokuuliza Kocha, ukajibu kwa mguu wako. Siri ya kiatu huijua mguu peke yake, Samsam, na usipoisema wewe, hakuna fundi duniani atakayekisahihisha. Ukitaka kusaidiwa, anza na ukweli."