Vidole Vitupu

"Una mume au mchumba, Shahenda?" aliuliza Madamu Nermin, mkuu wa ajira.

Shahenda alikuwa amekuja kwenye usaili wa kazi. Macho yake yalikuwa kwa Wagdi, mchumba wake, aliyeketi kando ya bosi akijifanya anasoma. Mkono wa kulia wa Wagdi ulikuwa mtupu. Pete ya uchumba haipo.

Chini ya meza, Shahenda akaivua yake taratibu.

"Hapana, Madamu. Sina."

Wagdi alimkimbilia hadi kituo cha basi, mbele ya majengo ya vioo ya mtaa ule wa teknolojia nje ya Cairo.

"Umenikana mbele ya bosi wangu?"

"Pete yako iko wapi, Wagdi?"

Akauficha mkono mfukoni. Mwanaume mzima.

"Na uliniambia kampuni haiajiri. Mbona matangazo yao yamejaa hadi darajani?"

"Nisikilize, habibti, mpenzi wangu. Wanafungua tawi Riyadh, wanapeleka wasio na familia. Nikasema sina mtu."

"Ungeniambia lini?"

"Nikishafika."

"Mama anatushonea mapazia ya nyumba yetu, na macho yale yanavyomsumbua."

"Mapazia hayaozi."

Jibu hilo lilimuuma kuliko uongo wenyewe. Akapanda basi akilia, bila kujali watu.

Jioni ujumbe ukaingia: "Wewe ndiye uliyevunja uchumba, tena mbele ya shahidi. Baba anataka dhahabu tuliyokuvisha. Desturi unaijua."

Aliijua. Bibi harusi akivunja, anarudisha. Bwana akivunja, dhahabu imemtoka.

Kabla hajajibu, simu ikaita.

"Ni Nermin. Wagdi ananiambia ulitudanganya, kwamba una mchumba."

Kumnyima ndoa hakukumtosha Wagdi, sasa anamnyima na kazi.

"Nilikuwa naye, Madamu. Nilivua pete mezani pako, baada ya kuona mwenzangu ameshavua yake."

"Mwenzako nani?"

"Muulize aliyekuletea habari, kazijuaje."

Madamu akashusha pumzi.

"Kumbe. Basi huyo Wagdi Riyadh hatakwenda. Wewe njoo Jumapili wiki ya kazi ikianza, nafasi unayo."

Shahenda alitaka kufurahi, ikashindikana. Alimpenda mtu yule. Akamwandikia Wagdi: "Aliyevua kwanza ndiye aliyevunja. Desturi unaijua."

Mama akachungulia mlangoni, mapazia mabegani.

"Mwanangu, Wagdi alisema dirisha lenu lina upana gani? Nataka nimalizie pindo."

Shahenda akafuta macho, akasogeza kiti chini ya dirisha.

"Pima hili letu, mama."