Ukuta Uliovishwa Saruji

Mzee Khelef alikuwa fundi cherehani. Kwa miaka mingi alishona kanzu katika chumba cha chini cha nyumba yake, mtaa wa Kiponda, Mji Mkongwe wa Unguja. Siku hizi macho yake hayaoni tena tundu la sindano. Cherehani ameifunika kwa shuka.

Nyumba yake ni ya mawe, ya ghorofa moja, na kuta zake ni nene. Aliirithi kwa baba yake. Zamani ilijaa watu. Kisha mwanawe, Azzan, alipata kazi Maskati akahamia huko. Binti yake, Rawiya, aliolewa Mombasa. Mkewe, Bi Rasha, alifariki mwaka juzi. Tangu hapo Mzee Khelef anaishi peke yake.

Huamka alfajiri na kwenda msikitini. Akirudi hununua chapati na mbaazi, hula, huosha sahani yake moja. Baada ya hapo siku huwa ndefu. Watalii hupita nje wakaupiga picha mlango wake. Hawajui kama ndani yumo mtu.

Ukuta wa chumba cha chini ulikuwa na unyevu. Rangi ilivimba na kubanduka. Fundi mmoja alimwambia, "Piga saruji, mzee. Saruji haipitishi maji." Mzee Khelef akakubali. Ukuta ukapigwa plasta ya saruji, ukapakwa rangi ya mafuta, ukang'ara.

Masika ya kwanza hayakuleta tabu. Masika ya pili unyevu ulirudi, na safari hii ulipanda juu zaidi. Unga mweupe wa chumvi ulitoka ukutani. Chumba kikanuka uvundo. Mzee Khelef akakifunga. Baadaye sakafu ya chumba cha juu ikaanza kulegea upande wa ukuta ule ule. Hicho kilikuwa chumba alicholala na Bi Rasha tangu siku ya harusi yao. Alikitoa kitanda, akakiweka ukumbini, na chumba hicho nacho akakifunga.

Azzan alipopiga simu, alimweleza.

"Baba, nyumba hiyo itakuangukia," Azzan alisema. "Nnakuja mwakani baada ya Idi kukuchukua. Nyumba tutaifunga."

"Nyumba ikifungwa inakufa, Azzan."

"Na wewe je, Baba? Unaishi na nani humo?"

Mzee Khelef alisema mtandao mbaya, akakata simu.

Asubuhi moja alikuwa akienda Darajani kununua samaki. Njiani alipita mbele ya chuo cha Kurani cha mtaa wa pili. Chuo kilikuwa kikitengenezwa. Mafundi walikuwa wakibandua saruji yote ukutani, na mawe yalikuwa yakionekana. Aliyewaongoza alikuwa mwanamke wa makamo, mtandio umefungwa vizuri, mikono imevaa glavu.

"Shikamoo, mzee," alisema mwanamke yule.

"Marahaba, mwanangu. Mbona mnakibomoa chuo?"

"Hatubomoi, mzee. Tunauvua ukuta saruji. Umelowa ndani."

Mzee Khelef akasimama. "Hata wangu umelowa," alisema. "Na nliuvisha saruji ili usilowe."

Mwanamke yule alikuwa anaitwa Salhiya. Alikuwa fundi wa nyumba za kale. Mchana, kazi ya chuo iliposimama kwa mapumziko, alifuatana na Mzee Khelef hadi nyumbani. Aliugonga ukuta kwa vidole. Mahali pengine ulitoa sauti ya kitu chenye uwazi ndani. Akapanda juu, akaitazama sakafu. Akatoka uani, akatazama paa.

"Mzee, wewe ulikuwa mshonaji," alisema. "Mtu akivaa koti la mvua siku ya jua kali, inakuwaje?"

"Analowa kwa jasho lake mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu jasho halina pa kutokea."

"Basi ndiyo hali ya ukuta wako. Wazee wetu walijenga kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Vitu hivi hunywa maji kidogo, kisha huyatoa hewani. Saruji haiyaachii kutoka. Maji yanakaa ndani na kupanda juu. Huko juu yamezikuta boriti za sakafu yako. Zile ncha zilizoingia ukutani zimeoza. Ndiyo maana sakafu inalegea."

Mzee Khelef alikaa kwenye ngazi. "Kwa hiyo nimeiharibu nyumba kwa mikono yangu."

"Ulitaka kuitunza. Wengi wamefanya hivyo hivyo. Lakini usilale humu mpaka tuiegemeze ile sakafu kwa nguzo. Na usiingie chini yake. Una pa kwenda?"

Alifikiri. Jamaa zake wengi walikuwa wamehama au wamekufa. "Imamu ana chumba msikitini," alisema mwishowe.

Usiku huo alilala msikitini. Asubuhi yake Salhiya na wenzake waliegemeza sakafu. Kisha Salhiya alimpeleka kuomba kibali, kwa sababu nyumba za Mji Mkongwe hazifanyiwi matengenezo bila kibali. Kibali kilipotoka, Mzee Khelef alitaka plasta ya chokaa ipigwe mara moja.

"Bado, mzee," Salhiya alisema. "Kwanza tujue maji yanatoka wapi. Ukibadilisha plasta na maji yanaendelea kuingia, hujafanya kitu."

Alimwonyesha mlizamu, ule mfereji wa bati unaoshusha maji ya mvua kutoka paani. Ulikuwa umetoboka nyuma, mahali pasipoonekana. Kila mvua iliponyesha, maji yalimwagika juu ya ukuta. Wakaweka mlizamu mpya. Wakabandua saruji kwa patasi na nyundo ndogo, polepole, wasiyavunje mawe. Boriti zilizooza wakazitoa na kuweka nyingine za mikoko.

"Sasa tunangoja," Salhiya alisema. "Ukuta ukauke. Fungua milango na madirisha yote kila siku."

"Nngoje mpaka lini?"

"Miezi. Mnene kama huu haukauki kwa wiki. Mimi nnakwenda Makunduchi, tunatengeneza nyumba za kituo cha afya. Ntakuja kuutazama."

Mafundi wakaondoka. Nyumba ikawa kimya kuliko zamani, maana sasa masikio yake yalikuwa yamezoea nyundo. Mzee Khelef alifungua vyumba vyote alivyovifunga. Upepo ulipita ndani, ukavuta harufu ya uvundo nje. Alikaa katika chumba cha chini akayatazama mawe. Yalikuwa meusi kwa maji. Baada ya muda yakaanza kuwa ya kijivu, kisha meupe, kuanzia juu kushuka chini. Siku nyingine hakuzungumza na mtu ila kwa salamu ya msikitini.

Siku moja aliuweka mkono ukutani, karibu na sakafu. Mkono ulirudi mkavu.

"Rasha," aliita, "ukuta umekauka."

Sauti yake ilizunguka chumbani. Akakumbuka. Akakaa chini pale pale, akalia kidogo, kisha akajifuta uso na kumpigia simu Salhiya.

Salhiya alikuja na chokaa iliyolowekwa shimoni muda mrefu mpaka ikawa laini kama maziwa ya mgando. Akaichanganya na mchanga safi.

"Usiiguse kwa mkono mtupu," alimwambia. "Chokaa inaunguza. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi, halafu kimbilia hospitali."

Walipiga plasta nyembamba, wakaiacha ishike, kisha wakapiga nyingine juu yake. Waliinyunyizia maji na kuifunika kwa magunia yenye unyevu, ili isikauke haraka ikapasuka. Mwisho wakaupaka ukuta chokaa ya maji. Rangi ya mafuta Salhiya aliikataa. "Hiyo ni koti la mvua jingine," alisema. Mzee Khelef akacheka. Alishangaa kujisikia akicheka.

Kabla ya kuondoka, Salhiya alimwuliza, "Vyumba hivi vya chini utavifanya nini?"

"Sijui. Mimi kimoja kinanitosha."

"Nyumba hizi zinataka watu, mzee. Mtu wa kufungua dirisha. Mtu wa kuona mlizamu umeziba kabla ya masika. Nna mwenzangu, Kazija, mwalimu. Amehamishiwa skuli ya mjini hapa, na anatafuta pa kukaa na mama yake."

Mzee Khelef alifikiri kwa siku kadhaa. Tangu utoto wake hakuna mgeni aliyepanga katika nyumba ile. Mwishowe akakubali, na Kazija na mama yake wakahamia chini.

Masika yalikuja kwa nguvu. Mzee Khelef alishuka kila asubuhi kuutazama ukuta. Ulilowa kidogo karibu na dirisha, na jua lilipotoka ukakauka wenyewe. Chumvi haikutoka. Sakafu ya juu ilikuwa imara, na kitanda kilikuwa kimerudi mahali pake.

Baada ya Idi Azzan alipiga simu. "Baba, nshaulizia tiketi. Nije lini nikuchukue?"

"Njoo unitembelee," Mzee Khelef alisema. "Lete na watoto. Pa kulala papo, pakavu."

"Mwaka huu sijui kama ntapata likizo ndefu, Baba. Ntajaribu."

"Jaribu, mwanangu."

Simu ikakatika. Mzee Khelef alikaa kitandani, simu ingali mkononi. Alijua Azzan hatakuja mwaka huu. Pengine hata mwakani. Mvua ilikuwa imeanza tena, na maji yalikuwa yakishuka kwenye mlizamu hadi uani.

Mama yake Kazija alikuwa mtu wa shamba, hakuwa na maneno mengi. Alisimama chini ya ngazi, akaita.

"Mzee Khelef."

"Naam."

"Ushakula?"

Hakuna aliyemwuliza swali hilo tangu Bi Rasha afariki.

"Bado," alisema, akaanza kushuka ngazi.