Dishi la Nestor na Mnazi wa Marivel

Saa moja na dakika tano asubuhi, uso wa mhojaji uliganda kwenye kioo cha kompyuta, mdomo wazi. Sekunde kumi na nne baadaye, mazungumzo yakakatika. Ilikuwa mara ya pili wiki hiyo.

Nestor Abrenica, mkulima wa nazi, alimtazama binti yake. Marivel alikuwa muuguzi, na hospitali moja ya ng'ambo ilikuwa ikimhoji kwa ajili ya kazi. Mtandao uliporudi, ujumbe uliingia: wangejaribu mara ya mwisho Alhamisi, saa nane mchana. Ukikatika tena, nafasi angepewa mwingine.

"Tatay, hili dishi lako la intaneti ni pambo la ukuta," Marivel alimwambia baba yake.

"Wakala aliyeniuzia alisema linashika popote. Chini ya miti, kwenye mvua. Kijiji kizima kitumie, halichoki."

"Ukamwamini kwa sababu ya tai aliyovaa!"

Alasiri alikuja jirani yao, Luning, waliyemwita Ate, yaani dada, aliyewahi kuwa fundi wa mitambo ya mawasiliano bandarini. Feliza, mke wa Nestor, alimwekea kwanza keki ya mchele. Kukataa chakula cha Feliza ni kutafuta ugomvi, kwa hiyo Luning alikula, kisha akatazama juu. Dishi lilikuwa limefungwa chini ya ukingo wa paa la bati.

"Kuya Nestor, kaka yangu, nani aliliweka huku?"

"Mimi. Lisilowe."

"Hili limeundwa lilowe! Umelikinga na mvua, ukalikinga na anga pia. Setilaiti za intaneti hii hazikai mahali pamoja. Zinapita juu yetu, na dishi huacha moja likashika nyingine. Bati likiziba, au hata makuti, mazungumzo yanakatika."

Alipima anga kwa programu ya simu yake. Rangi nyekundu ilionyesha vizuizi viwili: paa, na mnazi mrefu.

"Huo wa nani?"

"Wangu," alisema Marivel. Nestor alimpandia kila mwanawe mnazi siku aliyozaliwa.

"Kumbe unajizibia mwenyewe!"

Wote walicheka, isipokuwa Nestor. "Siukati."

"Nani kasema ukate? Hamisha dishi. Na nywila ya mtandao mmewapa wangapi?"

Nestor alikohoa. Feliza akajibu, "Jirani akiomba, utamnyima kwa uso gani?"

Luning alihesabu: simu thelathini na nane. "Kasi aliyoitaja wakala ni ile ya juu kabisa, siku njema. Nyote mnaigawana. Na vijiji vingine vinatumia setilaiti hizo hizo. Jioni, watu wakiwa wengi, inapungua zaidi."

Jumatano walilijaribu dishi katikati ya uwanja wa mpira wa kikapu, mbali na miti na paa. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tano mtandao haukukatika. Kisha mvua kubwa ilinyesha, na picha ya video waliyokuwa wakijaribia ikapotea kwa dakika tatu.

"Hiyo hatuiwezi," alisema Luning. "Waambie wa hospitali mapema."

Marivel aliwaandikia: mvua ikizidi, atazima picha waendelee kwa sauti. Walikubali.

Alhamisi Feliza alipita nyumba kwa nyumba na sinia la keki, akiomba simu zizimwe kwa saa moja. Wachezaji waliuacha uwanja wakinung'unika.

"Mshukuruni Marivel," Nestor aliiambia timu moja. "Mlikuwa mnafungwa."

Saa nane kamili Marivel aliketi kwenye jukwaa la zege, pembeni mwa uwanja, chini ya paa. Dishi lilikuwa katikati ya uwanja. Saa nane na dakika ishirini mvua ilianza. Picha ilitetemeka. Nestor alishika kichwa. Marivel alizima picha, akaendelea kujibu. Sauti haikukatika. Saa nane na dakika arobaini na sita mahojiano yaliisha.

Jumamosi Nestor alisimika kando ya uwanja nguzo ndefu iliyopita paa la jukwaa, akalifunga dishi juu yake. Mnazi haukuguswa.

Jumatatu, saa nne na dakika kumi asubuhi, mkataba wa kazi wa Marivel uliingia.