Wingi wa Mtoto Mmoja

Kila asubuhi, kabla ukungu haujaondoka kwenye migomba ya kijiji cha Titye, Esteri alikuwa ameshafagia uwanja, ameshachota maji na ameshakula kiporo cha viazi na maharage. Kisha alikimbilia shule. Alikuwa darasa la sita, na katika somo la Kiingereza hakuwa na mpinzani. Mwalimu Bazilio akiuliza jina ni lipi na kitenzi ni kipi, mkono wa Esteri ndio uliotangulia juu.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka alipokuja Uwimana.

Uwimana alivuka mpaka kutoka Burundi pamoja na bibi yake, wakapewa chumba kwa jirani, naye akaingia darasa moja na Esteri. Kiswahili chake kilichechemea, lakini alikuwa na kitu ambacho Esteri hakuwa nacho: subira. Mama yake Esteri, Epifania, alikuwa akihudhuria masomo ya watu wazima jioni, palepale shuleni. Siku moja alimwomba Esteri amsikilize akisoma Kiingereza. Esteri akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mama, unasema 'buku' kama unafukuza mbuzi!"

Mama hakumwomba tena. Alimwomba Uwimana.

Basi kila alasiri wawili hao walikaa mkekani wakipukuchua mahindi. Uwimana aliweka punje moja kiganjani.

"Umoja," alisema. Akaongeza nyingine. "Wingi. Lugha zetu huvaa wingi kichwani: mtoto, watoto. Nyumbani tunasema umwana, abana. Lakini Kiingereza huuvaa mkiani: book, books."

"Kumbe Kiingereza ndicho mbuzi, kina mkia!" mama akadakia. Wakacheka wote wawili, na mama akampapasa Uwimana kichwani. "Urakoze, asante sana, mwana wanje."

Mwana wanje. Yaani, mwanangu. Esteri, aliyekuwa akisugua sufuria nyuma ya nyumba, alihisi kama amemeza kaa la moto. Neno hilo lilikuwa lake peke yake. Hakuwa na kaka wala dada wa kugawana naye. Alisugua sufuria ile mpaka majivu yakamwingia kwenye kucha. Kwa nini asiende kwao huyu? aliwaza. Hana mama wa kwake?

Jumatano Uwimana hakufika shule. Alimpeleka bibi yake zahanati. Siku hiyohiyo Mwalimu Bazilio alifundisha majina makaidi, yale yanayokataa mkia wa 's': man, tooth, child. Alasiri Uwimana alimfuata Esteri kisimani.

"Esteri wee, nisaidie. Wingi wa 'child' ni nini? Naulizwa."

Esteri alilijua jibu kama alivyolijua jina lake. Akatazama ndoo ikijaa.

"Childs," alisema. "Tia mkia tu."

"Ahsante, dada!"

Hilo "dada" lilimkwaruza kidogo. Lakini akajituliza: Kesho ataaibika mbele ya darasa, na mama atajua nani anakijua Kiingereza.

Kesho yake Uwimana hakuulizwa lolote darasani. Jioni, mgeni alifika kutoka Kasulu kuwasikiliza watu wazima, na kila mmoja alitakiwa ajitambulishe kwa Kiingereza. Mama alifunga kitenge chake kipya.

"Nikichekwa leo," alimwambia Esteri njiani, "sitakanyaga tena darasani. Bora nikalime."

Esteri na Uwimana walisimama dirishani. Mama akainuka, akakaza kitenge chake.

"My name is Epifania. I am a farmer. I have two childs. Esteri and Uwimana."

Wawili! Wivu ulimpanda Esteri. Kisha akalisikia vizuri lile neno jingine, neno lake la kisimani, likitoka kinywani mwa mama yake mwenyewe.

"Childs!" akapayuka Tharsisi, fundi baiskeli. "Hao wanauzwa duka gani, Mama Esteri?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mama alijifunika uso kwa ncha ya kitenge, akaelekea mlangoni.

Uwimana alikuwa ameshaingia ndani. "Shikamoo, mwalimu. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemfundisha."

Hakutazama dirishani. Hakumtaja mtu. Esteri angenyamaza, mambo yangeishia hapo. Lakini mama alikuwa kizingitini, na akitoka ndiyo basi tena. Esteri akazunguka mbio, akamzuia kwa mikono miwili.

"Mama, usitoke! Mwalimu, si kosa la mama wala la Uwimana. Mimi ndiye niliyesema 'childs', na nilijua si kweli. Niliona wivu."

Kicheko kilikatika. Tharsisi akainamisha kichwa. Mama akamshusha mikono taratibu.

"Niambie lililo sahihi."

"Children, mama."

Mama akarudi mbele. "I have two children," alisema, kwa sauti iliyofika hadi dirishani. Mgeni alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Uwimana alimtupia Esteri jicho. "Haya, dada. Wingi wa 'tooth'?"

"Teeth."

"Apa!"

"Haki ya Mungu, Uwimana. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila nitamuuliza na mwalimu!"

Mama akacheka, akasimama. Aliokota kijiti, akaandika mavumbini: children. Halafu akaufunika mwisho wa neno kwa kiganja.

"Esteri, soma kilichobaki."

"Child."

"Huyo ni wewe. Alipokuja mwenzako, ulifutwa?"

Esteri akatikisa kichwa.

"Umebaki mzima, tena mwanzoni kabisa. Mwanangu, wivu ulikudanganya kwamba akipendwa mwingine wewe unapungua. Nawe ukamdanganya mwenzako, na uongo wako ukaja kumwaibisha mama yako. Siku nyingine wivu ukikubana, niambie mimi. Usimtungie mtu uongo."

Akaondoa kiganja, neno likaonekana lote. Wakaendelea na safari, mama katikati, kila mmoja akiwa ameshika mkono wake mmoja.