Nguzo Isiyo na Mlango

Harufu ilianza Jumatano, saa nne asubuhi, jua likiwa limejaa kwenye vioo. Ilikuwa harufu ya tope la kisima cha siku nyingi, na Msanifu alipoisikia alisimama katikati ya ukumbi wa mitambo akawa ananusa hewa, kama mtu aliyesahau chungu jikoni. Maji yalikuwa hayajaunganishwa bado kwenye jengo lile. Hata bomba la kunawia mikono lilikuwa kwenye boksi lake.

Jengo lenyewe alilichora yeye, na ukitaka akununie wiki nzima, mwambie si baya. Kilikuwa kituo cha uzalishaji na ubunifu. Chini kulikuwa na mitambo ya kukata chuma na kuchonga mbao, juu vyumba vya wabunifu vilivyozungukwa na vioo, ili anayebuni amwone anayetengeneza, na anayetengeneza amwone anayebuni. Paa la meno ya msumeno lilimwaga mwanga mpaka sakafuni. Humu hakuna pa kujificha, alizoea kuwaambia wageni, na majivuno kidogo hayakukosekana. Kilichofichwa mle kilikuwa kimoja tu, na aliyekificha ni yeye.

Chini ya ukumbi kulikuwa na kisima cha zamani. Mwashi mkuu, mzee ambaye saruji ilikuwa imemla ncha za vidole, aliomba jambo moja tangu siku ya msingi: kisima kikifunikwa, kiachiwe bomba la kupumulia, litoke kwenye mfuniko lipande mpaka juu ya paa. Ndivyo alivyofundishwa na waliomtangulia. Msanifu alilichora lile bomba, akaliangalia linavyokatiza ukumbi wake wa mwanga, akalifuta. Badala yake akakizungushia kisima nguzo nene nyeupe, mita tatu kwa tatu, tupu ndani, isiyo na mlango. Mzee alipouliza bomba limekwenda wapi, aliambiwa ramani ndiyo ramani. Akachukua mwiko, akajenga.

"Unaisikia hii harufu?" Msanifu alimuuliza mdogo wake siku iliyofuata.

Mdogo wake ndiye aliyekuwa fundi umeme wa jengo. Mama yao alifariki kijana akiwa na miaka tisa, na Msanifu ndiye aliyemlea, akampeleka shule, akamtafutia hata kazi hii. Mpaka leo, akichelewa kurudi, dada mtu hapati usingizi.

"Tangu jana, Dada," kijana akajibu, akiwa ameinamia nyaya zake. "Na kamba pia."

"Kamba gani?"

"Ya ndoo. Inateremka humo ndani ya nguzo, inateremka tu, haigusi maji." Alicheka, lakini sauti aliishusha. "Tena kuna sauti humo, inaniita kwa jina la kazi yangu. Inasema, Fundi, nifungulie."

"Acha utani wako."

"Natamani ungekuwa utani."

Kesho yake mchana, mafundi wakiwa wametoka kwenda kula, kijana hakuonekana. Msanifu alimpigia simu. Ikaita ndani ya nguzo.

Aliweka sikio kwenye ukuta mweupe. Ulikuwa na baridi, na unyevu ulimlowesha shavu.

"Dada." Sauti ilitoka kwenye simu na ukutani kwa pamoja. "Nilikuwa navuta waya nyuma ya nguzo. Nikageuka, nikajikuta humu. Giza tupu, Dada. Maji yako magotini."

"Usiogope. Naita watu."

Alimpigia Mzee kwanza, kisha akakimbilia mlango mkubwa, nao haukufunguka, akageukia mlango wa pembeni, ukafunguka vizuri tu, akapita, akajikuta ameingia ukumbini upande wa pili, akapanda ngazi mbio, akapita vyumba vya wabunifu kimoja baada ya kingine, vioo kwa vioo, akaziona barabara na magari na muuza magazeti akijipepea kivulini, vyote hatua chache kutoka mkononi mwake, akashuka kwa ngazi ya dharura aliyoipima mwenyewe kwa futi, vidato ishirini na mbili, akahesabu thelathini, akahesabu arobaini, na alipousukuma mlango wa mwisho, nguzo nyeupe ilikuwa mbele yake. Akakaa chini, akalia.

Mzee aliingia bila shida yoyote. Milango ilikuwa inaingiza. Kutoa ndiko kulikoishinda. Alisikiliza ukutani muda mrefu.

"Mwanangu," akasema polepole, "jini la kisima linapanda na hewa. Ulilinyima njia, nalo limejifunza kwako kufunga njia."

"Tufanyeje, Mzee?"

"Nitoboe nguzo kwa juu, tupitishe bomba mpaka nje ya paa. Likishapanda, tuvunje tumtoe kijana."

"Muda gani?"

"Mpaka jioni."

"Dada," ukuta ukasema, "yamefika kifuani."

Halafu sauti nyingine, tulivu, kutoka chini zaidi: "Msanifu. Nifungulie."

Mzee alimshika mkono. "Nisikilize. Ukibomoa kabla halijatoka, hutajua umemtoa nani."

Lakini alikuwa amemlea yule mtoto. Alimkumbuka akiwa na miaka tisa, amevaa viatu vya kuazima, amesimama kando ya jeneza la mama. Akaokota nyundo ya mafundi, akaiinua.

Tofali la nne lilipoanguka, mkono ulitokeza, kisha kichwa, kisha mabega, na kijana akatambaa nje akiwa amelowa mpaka nywele. Msanifu alimkumbatia, akamfuta uso kwa mtandio wake. Alikuwa wa baridi, lakini nani asingekuwa wa baridi.

"Ziba, Mzee," Msanifu akasema. "Ziba upesi, lisitufuate."

Mzee akashika mwiko kama alivyoambiwa, na Msanifu mwenyewe akampa matofali matatu ya kwanza. Kisha akamshika mdogo wake mkono, na mlango mkubwa ukawafungukia kabla hawajaugusa, wakatoka juani. Ukajifunga nyuma yao.

"Simu yako iko wapi?" aliuliza, ili tu aseme kitu.

"Imebaki." Kijana aliinua uso, akavuta pumzi ndefu, ndefu mno, kama mtu aliyekuwa na hamu nayo kwa miaka. "Asante, Msanifu."

Mkobani mwa Msanifu simu ikaita. Aliijua namba kabla ya kuitazama.

"Dada," sauti ikanong'ona, maji yakigonga kidevu chake, "nasikia mwiko. Nani anaziba?"

Aliurukia mlango, akaupiga kwa viganja, akamwita Mzee kwa nguvu zake zote. Vioo vya mlango ule alivichagua mwenyewe, vinene, ili kelele za mitambo zisitoke nje, na visafi, ili kila mtu amwone mwenzake. Mkono wa baridi ukamtua begani. Kule ndani Mzee, akiwa ameupa mlango mgongo, alipachika tofali la mwisho, akalipangusa taratibu kwa kiganja.