Ganda la Pembe Tatu

Kila Jumamosi, akishamaliza kufua sare zake, Joviale alimfuata mama yake, Maman Valérie, hadi maabara ya chuo kikuu, akamsaidia kuosha vyombo. Safari hii walikwenda pia na Emérence, binamu yake aliyetoka Bunyakiri kuja kusoma Bukavu. Tangu afike, nyumbani ilikuwa Emérence huku, Emérence kule. Roho ilimuuma Joviale.

Maman Valérie alichunguza tope la kale lililochimbwa chini ya bahari, upande wa Moanda. Humo mna maganda madogo kuliko chembe ya unga. Viumbe wa majini waliyajenga wajifiche ndani, kisha wakatoboa mlango na kutoka. Maganda yakabaki mamilioni ya miaka. Aina zake hutambuliwa kwa umbo, pembe na mahali pa mlango, na zile zinazojulikana zilichorwa katika kitabu kilichokaa mezani.

Emérence aliinamia hadubini muda mrefu.

"Tantine, hii iko na pembe tatu. Mu kitabu haiko."

Maman Valérie akachungulia, akashika kiuno. "Eh, Emérence! Hata miye sijaiona!"

Akalizungushia ganda duara la wino juu ya kioo kilichopakwa tope, maana bila alama lingepotea miongoni mwa maelfu. Kisha akamkumbatia Emérence.

Kumbatio lile lilimchoma Joviale. Yeye aoshe vyombo miaka nenda miaka rudi, mgeni wa juzi ndiye asifiwe! Mama yake na Emérence walipotoka kununua maandazi, alichukua pamba yenye spiriti, akaufuta wino.

Waliporudi, Maman Valérie alisogeza kioo huku na huko, lakini alama haikuwepo, wala ganda halikuonekana.

"Labda miye niligusa wino bila kujua, tantine," Emérence alisema, machozi yakimlengalenga.

Joviale alidhani angefurahi. Badala yake aliona haya, masikio yakamwaka moto.

"Hapana, si weye," akasema. "Maman, ni miye nilipangusa wino. Ilikuwa wivu."

Mama yake hakupiga kelele. "Ulipangusa, utatafuta," akamwambia.

Joviale alitafuta mpaka shingo ikakakamaa. Hatimaye akapaza sauti, "Iko hapa! Pembe tatu!"

Emérence akachungulia, akatikisa kichwa. "Yangu iko na pembe moja yenye kuvunjika. Hii ni ingine, ni yako, Jojo."

Emérence angeweza kunyamaza na kulichukua. Joviale akampisha kwenye hadubini. Wakaendelea kutafuta pamoja, wakipokezana hadubini, hadi wakalipata lile lenye pembe iliyovunjika.

Maman Valérie aliyalinganisha: pembe zilezile, mlango mahali palepale.

"Ganda moja pengine ni kilema tu," akasema. "Sasa iko mawili, tunaweza kuanza kuandika kwamba ni aina mupya. Jojo, bila macho ya Emérence usingejua cha kutafuta. Bila yako, yeye angebaki na ganda moja lenye watu wangebishia. Sifa ya mwenzako haipunguze yako, mutoto wangu. Kijicho kingetuacha sisi wote watatu mikono mitupu."