Winda Jeusi la Muhiddin

Mimi Siti nafua nguo za watu hapa Msimbazi miaka mingi. Nikisema nguo imetakata, ujue imetakata. Basi fikiria hasira zangu mwaka ule wa 1934, winda la mtoto mchanga liliponishinda!

Mtoto mwenyewe ni Muhiddin, mwana wa Amna na Salem, muuza vitambaa. Kila asubuhi nilipewa mawinda yake yaliyolowa mkojo. Nikipaka sabuni ya mche, yanageuka meusi tii. Naongeza sabuni, weusi unazidi.

"Siti, unafulia masizi?" akauliza Bi Saadiya, mama yake Salem.

"Masizi yatoke wapi? Sabuni ni ileile ninayofulia kanzu za mwanao!"

Hapo akamgeukia Amna. "Basi ni balaa la kwa mama yako. Kwetu hatuna uchafu huu. Ijumaa winda likiwa jeusi tena, unarudi kwenu Buguruni."

"Shangazi, nimefanya nini mimi?" Amna akalia.

Ndiyo, shangazi yake. Bi Saadiya na baba yake Amna ni ndugu wa tumbo moja. Ndoa ile aliipanga yeye mwenyewe, watoto wa ndugu waoane, heshima ibaki nyumbani. Na Salem? Alitazama chini tu. Nilitamani nimkamue pamoja na winda.

Ijumaa ikafika. Furushi la Amna lilikuwa limeshafungwa, liko mlangoni. Nilikuwa bombani na winda jeusi mkononi, naitukana sabuni, akapita jirani yetu Polycarp. Yeye hufanya kazi hospitali, kwenye chumba cha kupimia damu na mikojo. Mtaani tunamwita Bwana Chupa.

"Siti, usilisuuze!" akapiga kelele. "Limekuwa jeusi kabla ya sabuni au baada?"

"Baada. Una wazimu wa mawinda wewe?"

Akarukaruka palepale, mtu mzima na tai yake! "Miaka sita nalitafuta hili! Nimelisoma vitabuni tu. Nipeleke kwa mwenye mtoto, twende, twende!"

Tukaingia uani kwa Bi Saadiya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Bwana Chupa. Umekuja kupima nini kwangu?"

Akaomba bakuli safi na gilasi mbili. Muhiddin hakutuchelewesha, akakojoa. Polycarp akagawa mkojo ule gilasi zote mbili. Moja akaiacha. Ya pili akaitia maji ya sabuni, akaitikisa. Tukainama sote kutazama. Weusi ukaanzia juu, ukashuka polepole mpaka chini; ile ya kwanza ikabaki na rangi yake.

"Lahaula!" Salem akasema.

"Si uchawi wala uchafu," akasema Polycarp. "Tukila, mwili huvunjavunja chakula hatua kwa hatua. Mwili wa Muhiddin hauna uwezo wa hatua moja. Kinachobaki hutoka na mkojo. Kikikutana na hewa au sabuni, huwa cheusi."

"Kaambukizwa na mama yake?" akauliza Bi Saadiya.

"Hakuambukizwa, mama. Kazaliwa nayo. Tazama kanga zako. Doti moja, vipande viwili. Mtoto naye hupewa kipande kwa baba na kipande kwa mama. Kimoja kikiwa na kasoro, kile kizima humsitiri. Muhiddin kapata vyote viwili vyenye kasoro."

Salem akainua kichwa. "Kwa hiyo kimoja nimempa mimi?"

"Wewe na Amna, nyote wawili. Na mara nyingi wazazi huwa ndugu, wamerithi kasoro ileile kwa mzee mmoja. Mama, kwenu hakukuwa na mzee mwenye mgongo mgumu, masikio yenye weusi, jasho likiacha madoa?"

Bi Saadiya akakaa chini kwenye mkeka.

"Marehemu baba," akasema. "Fulana zake zilikuwa nyeusi makwapani. Tulidhani ni wino wa dukani."

"Baba yako, mama. Na babu yao wote wawili."

"Mtoto atakufa?" Amna akanong'ona.

"La! Atacheza na wenzake. Akiwa mtu mzima huenda viungo vitamuuma, basi apimwe. Dawa bado hatuna, na msimnyweshe za kuharisha. Winda likilowa, lisuuzeni papo hapo kwa maji matupu. Sabuni baadaye."

Nilikimbia bombani na winda jingine, lililolowa sasa hivi. Maji matupu, nikasuuza, nikasuuza tena, ndipo nikatia sabuni. Jeupe! Nikarudi nalo nikilipunga juu mtaa mzima. Salem akambeba mwanawe, akamwomba Amna radhi mbele yetu.

Polycarp alikuwa ameshatoa daftari jipya. Lile daftari alilibeba miaka mingi baadaye, nyumba kwa nyumba, akiuliza koo za watu. Lakini siku ile halikuwa na hata neno moja.

"Nianze na jina la nani?" akauliza. "La mama wa mtoto?"

Bi Saadiya alikuwa amepiga magoti mlangoni, anafungua furushi la Amna.

"Anza na langu," akasema. "Andika Saadiya. Uchafu niliowatupia Amna na mama yake, umetoka kwetu."